Sufuria ya Mama na Elektroni Sita

Wifi yangu Becky Akello akicheka, wapangaji wote wa ploti yao huchungulia madirishani. Ni fundi wa nguo pale Ruiru, na kitu pekee kilichowahi kumnyamazisha ni Kemia. Alitaka kusomea kazi ya maabara katika chuo kimoja cha Thika, na chuo kikataka apite Kemia kwanza. Basi mtu mzima, mke wa kaka yangu Ndegwa, akajiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mama yetu hakupendezwa hata kidogo.

"Arudie mara hii tu," alisema. "Akishindwa, ashone." Na Mama akisema, amesema.

Kilichomtesa Becky ni kusawazisha milinganyo ya metali. Alumini ikikutana na ayoni za shaba, alumini hutoa elektroni, vile vichembe vidogo, na shaba huzipokea. Hapo hakuwa na shida. Shida ni kwamba aliandika alumini moja kwa shaba moja. Mwalimu anakata, yeye anaandika vilevile. Kichwa kigumu, nampenda hivyo hivyo.

Jumamosi moja tulikuwa kwa Mama, nje kidogo ya Thika, kupulizia kahawa dawa. Mama akamtuma Becky akoroge mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba inayoua ukungu wa kahawa. Huku kwetu hata mtoto anajua mrututu hukorogwa kwenye pipa la plastiki. Lakini pipa lilikuwa na maji ya ng'ombe, na kwa kina Becky, Homa Bay, hawalimi kahawa. Akachukua sufuria. Tena si sufuria yoyote! Ile kubwa ya alumini inayopika pilau ya kila harusi ya kanisa letu, na bado ilikuwa na chumvi ya githeri kwenye kuta zake za ndani. Akamimina mrututu na maji, akaenda kutafuta chokaa ya kuchanganya nayo, akanogewa na soga zangu.

Tuliporudi, sufuria ilikuwa inatoa mapovu na imepata moto bila jiko. Ile buluu ilikuwa imefifia, ndani kumejaa tope jekundu. Mama alifika wakati chini panatoboka, maji yakamwagikia miguu yake.

"Ũũi! Sufuria yangu! Becky, umeniua!"

Nilijua masomo yameisha. Niliogopa kweli. Na Becky? Akaanza kucheka!

"Maitũ, ngoja! Angalia hii nyekundu, ni shaba! Alumini imeingia kwa maji, shaba imetoka!"

"Nitakutoa wewe!"

"Sikia, Maitũ. Alumini moja inatoa elektroni tatu. Shaba moja inachukua mbili pekee. Sasa ile imebaki itaenda wapi? Haiwezi potea! Lazima alumini zikuje mbili, zitoe sita. Shaba nazo zikuje tatu, kila moja ichukue mbili. Sita kwa sita! Na mimi nimekuwa nikiandika moja kwa moja, aki!"

Akanishika mikono tukazunguka kama wasichana wa nasari, matope mpaka magotini. Sikuelewa hata nusu, lakini nilikuwa nacheka hadi machozi. Mama alitutazama, sufuria iliyotoboka mkononi.

"Hiyo sita kwa sita itakuja kwa mtihani?"

"Hiyo ama ndugu yake, Maitũ."

"Basi upite. Sufuria yangu haiwezi kufa bure."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini jaribu kumwambia hivyo mwenye koleo. Miezi yote ya kungoja mtihani na matokeo, Mama alipikia harusi kwa sufuria ya kuazima, na kila akiikoroga alinung'unika.

Matokeo yakatoka. Becky alipita Kemia, na Mama alipiga nduru kubwa kuliko siku ya sufuria. Wiki iliyofuata tukaenda naye soko la Thika kununua nyingine. Muuzaji akauliza ile ya zamani iliharibikaje.

Mama akajivuta, akapaza sauti mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Iharibike? Ile ndiyo ilisomesha msichana wangu."