Wavu wa Ziwa Ambalo Sikuwahi Kuliona

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Mimi ni mtoto wa wakulima wa migomba na maharage wa Kirushya, na nilidhani kazi yoyote yenye mlango wa duka ni kazi ya viatu. Mwenye Duka akaviangalia, akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Binti, huku tunakaa chini kwenye mkeka. Vua hivyo, usije ukanichania wavu."

Mtaani siku hizi wananiita mstaafu. Ni utani, maana nina miaka ishirini na minane tu. Lakini kazi niliyoianza nikiwa na kumi na tisa nimeiacha kabisa, na ninyi wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye nyavu hamwachi kuniuliza ilikuwaje. Nitawaeleza, pamoja na lile linalonifanya niinamishe uso hata sasa ninapoandika peke yangu.

Swali la kwanza huwa ni hili: Nyakanazi, lilipokuwa duka letu, hakuna ziwa, nyavu za nini? Jibu ni njia panda yenyewe. Barabara moja inakupeleka upande wa Ziwa Victoria, nyingine inashuka mpaka Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Mwenye Duka, ambaye babu yake alitoka pwani akiuza vitambaa, aliona kwamba wavuvi wa pande zote mbili wanapita hapo hapo kwenye mabasi na malori. Akaleta nyavu kwa marobota, akatafuta watu wa kuzitunga.

Wavu unatoka kiwandani kama shuka lisilo na pindo. Kutunga ni kuushikiza kwenye kamba mbili: ya juu yenye maboya yanayoelea, na ya chini yenye risasi, yaani vile vipande vizito vya kuuvuta kwenda chini. Samaki anauingia kwa kichwa, mashavu yanakwama kwenye jicho la wavu, basi. Ukikosea kuutunga, umemuuzia mvuvi pazia.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa mpiga mafundo. Mkubwa wangu alikuwa Fundi Mkuu, mzee wa Kizinza aliyevua Ziwa Victoria mpaka mgongo ukakataa. Kwake r na l zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Fundo likilegea alilifungua bila kunitazama, akanirudishia kamba.

"Ludia."

"Mzee, si linashika tu?"

"Linashika hapa kwenye mkeka. Kule linashikwa na sangala mwenye hasila."

Kila maji yana wavu wake, na hili ndilo somo la kwanza mtakalopewa. Wavu wa Victoria, ule wanaouita makila, unatungwa kwa kulegea: mita mia za wavu unazibana kwenye kamba ya mita hamsini, ili sangara akigeuka ajizonge mwenyewe. Maji yale yana tope, kwa hiyo uzi mnene hauna shida. Risasi unaweka nyingi, wavu ukae chini pale pale ulipotegwa.

Tanganyika ni kinyume. Maji ni meupe, samaki anaona, kwa hiyo uzi uwe mwembamba. Ukingo wake unaporomoka ghafla kama ukuta, na chini kuna miamba. Wavu wa migebuka, samaki wa ziwa hilo, unatungwa kwa kunyooka zaidi, maboya mengi, risasi chache, uning'inie juu juu ukienda na maji.

Ya bahari alitueleza Mwenye Duka, aliyeyapata kwa wajomba zake. Kule wanatumia jarife, uzi kama kamba ya kiatu, macho makubwa ya kunasa papa na nguru. Hawalitii nanga. Wanafunga chombo kwenye ncha ya wavu, wanaachia, vinakwenda pamoja kama mtu na mbuzi wake.

"Na anayechunga ni nani," Fundi Mkuu akauliza, "mtu au mbuzi?"

"Wewe mzee wa maji baridi, nyamaza," Mwenye Duka akamjibu, na wote tukacheka.

Mimi nilikuwa naota maji hayo yote mchana kutwa. Nilikuwa sijaona maji makubwa kuliko mto Ruvubu, lakini kichwani nilishavuka maziwa yote na bahari nikaivuka vilevile. Hapo ndipo ubaya ulipoingia.

Baada ya miaka mitatu nilipewa mkeka wangu: Tanganyika. Pale dukani tulikuwa na desturi. Ukimaliza kutunga, unafunga mwishoni mwa kamba uzi wa rangi yako, ili wavu ukirudi na kasoro ijulikane umetoka mkono gani. Wa Fundi Mkuu ulikuwa wa bluu. Wangu mwekundu.

Akaja mama mmoja wa Kigoma, mjane mwenye mitumbwi miwili. Alisema tangu mumewe afariki, huu ndio wavu wa kwanza anaouagiza mwenyewe, na vijana wake wa kuvua wanangoja waone kama mwanamke anajua kuagiza. Akanishika mkono. "Nitungie vizuri, mwanangu."

Moyo wangu ukayeyuka. Nikajiambia, mjane huyu nimpe wavu wenye nguvu. Na nguvu niliyoijua mimi ni ile ya Victoria, ya Fundi Mkuu na sangara wake. Nikazidisha risasi mara mbili, maboya nikapunguza. Nilikuwa naimba nikitunga. Uzi mwekundu ulikuwa umeniishia, nikachomoa wa bluu kwenye kopo la Fundi Mkuu nikafunga. Sikuwa na nia mbaya yoyote. Naapa hivyo, ingawa haisaidii.

Baada ya wiki tatu yule mama akarudi na kipande cha kamba, urefu wa mkono, uzi wa bluu ukining'inia.

"Umezama siku ya kwanza," akamwambia Mwenye Duka. "Ukashika miamba. Tumevuta mpaka kamba imekatika. Vijana wangu wamehamia mtumbwi wa mtu mwingine, wanasema hawawezi kuongozwa na mtu anayenunua mawe."

Mwenye Duka akampa Fundi Mkuu ile kamba. Mzee akalipapasa fundo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akanitazama.

"Uzi ni wangu," akasema. "Mkono si wangu."

"Mzee wangu, mafundi mko wawili tu humu. Unataka kumsingizia mtoto?"

"Nimesema mkono si wangu."

Hakunitaja. Aliningoja nijitaje. Nilikuwa katikati ya fundo, nikaendelea nalo. Mwenye Duka akanigeukia: "Binti, wavu huu unaujua?"

"Nyavu ni nyingi," nikasema. "Sikumbuki."

Yule mama alitungiwa wavu mwingine. Fundi Mkuu aliambiwa kwa heshima kwamba macho yamechoka, apumzike. Akakunja mkeka wake, akaubana kwapani, akapanda gari la kwenda ziwani kwao. Hakuniaga, nami sikutoka nje kumsindikiza. Wiki iliyofuata cheo cha Fundi Mkuu nikapewa mimi.

Miaka miwili nilikula cheo hicho. Nilicheka na wateja, nikaota, nikafundisha wengine, na nilijua kusahau kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mpaka siku moja mvuvi wa Kigoma akaleta wavu uliotungwa vibaya mahali pengine, akauliza kama tunaweza kuurekebisha. "Huu ni wavu wa kipofu kabisa," akasema. Nikamuuliza maana yake. "Aa, kule mwaloni kwetu, tunakoshushia samaki, wavu mbaya wowote tunauita hivyo. Si kuna mzee kipofu alikuwa anatunga hapa kwenu?"

Nikauweka wavu chini. Nilisimama, nikaenda kumwambia Mwenye Duka kila kitu, mbele ya mvuvi yule. Mwenye Duka akavua kofia. "Miaka miwili tunakula sahani moja," akasema. "Nenda ukamrudishe."

Ndivyo nilivyoliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza, na sikulifurahia. Nilimkuta mzee amekaa chini, anaziba matundu kwenye wavu mkuukuu. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Malahaba." Sindano haikusimama.

Nikamweleza, nikilia. Nikamwambia nafasi yake inamngoja, nami nimeiacha.

"Nilijua tangu siku ile. Fundo lako linakwenda kushoto." Akakata uzi kwa meno. "Kigoma bado naitwa kipofu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi umekuja ziwa ambalo silo."

Hakurudi dukani. Mimi pia sikurudi. Sasa ninalima maharage na wazazi wangu hapa Kirushya, na jirani akiniletea chandarua kimechanika namzibia. Ndoto bado ninazo tele, ila siku hizi naziogopa kidogo. Wadogo zangu, mkiweza, nendeni kwanza mkayaone maji ya mtu kabla ya kumtungia wavu. Na uzi ukikuishia, ngoja wako uletwe.

Kigoma nilikwenda wiki ile ile niliyomwona mzee. Nilifika mwaloni asubuhi, mitumbwi ikiwa ndiyo inaingia, nikamkuta yule mama anapanga migebuka kwenye beseni. Nikajitambulisha, nikasema: wavu wako niliuzamisha mimi, yule mzee hakuugusa. Watu wachache wakageuka. Mmoja akacheka. Mama hakucheka. Alinipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, akajipangusa magamba mikononi.

"Sema tena," akaniambia. "Wale wa mitumbwi ya kule mwisho hawajasikia."

Nikasogea mpaka kule mwisho, nikasema tena.