Chupi ya Bibi Titina Yaangukia Watalii

Bibi yangu Titina ana miaka themanini na moja, anaishi ghorofa ya nne kwenye vichochoro vya mji mkongwe wa Napoli, Italia, na anajisifu kwamba hajawahi kudondosha nguo kutoka kwenye kamba ya kuanikia inayopita juu ya kichochoro. Jirani yake wa dirisha la mbele, Mafalda, akidondosha hata soksi, Bibi anamzomea wiki nzima.

Basi jana watalii walikuwa wamesimama chini wanapiga picha nguo zetu. Bibi akavuta kamba, na chupi yake kubwa ya maua ikatua juu ya mwavuli wa dada anayewatembeza.

"Ya nani hii jamani?" dada akauliza, akiipeperusha kama bendera.

Bibi akajibanza nyuma ya pazia. "Ole wako useme," akaninong'oneza. Mimi mbavu sina.

Mafalda akatoa kichwa dirishani. "Yangu hiyo, mwanangu! Nitilie humu." Akaanza kuteremsha kikapu chake kwa kamba, taratibu, macho kwenye pazia letu.

Bibi alivumilia mpaka kikapu kikafika ghorofa ya pili.

"Mwizi we, Mafalda!" akalipuka. "Vijimakalio vyako hivyo vitaijaza? Hiyo ni yangu!"

"Na nani kaidondosha, shoga? Sijasikia vizuri!"

"Nimeidondosha mimi, Titina!"

Kichochoro kizima kikapiga makofi, watalii nao wakafuata bila kuelewa hata neno. Bibi akafungua pazia, akawapungia mkono kama bibi harusi, kisha akaniamuru niteremshe kikapu chetu haraka, kabla cha Mafalda hakijafika chini.