Kisogo cha Yoriko

Isamu alikuwa mchoraji wa katuni za kukodisha, zile ambazo watoto wa Hiroshima walizichukua dukani kwa siku moja na kuzirudisha zimejaa alama za vidole vya mchuzi. Alichora mtaa wake mwenyewe: vibanda vya mabati kando ya mto, wajane wakikaanga chapati za kabichi, wanaume wakijenga kwa mbao za kuokota. Watu walijiona humo wakacheka, wengine wakalia. Ila msichana mmoja mdogo, aliyepita katika kila hadithi, hakuwahi kugeuka.

"Huyu mtoto kaiba nini hata anatuficha uso?" mwenye duka alimtania. "Wateja wananisumbua, bwana."

Isamu alicheka tu. Mtoto yule alikuwa dada yake Yoriko, aliyekwenda shule asubuhi ya bomu asirudi. Nyumba iliungua na picha zote. Isamu, ambaye siku ile alikuwa shamba kwa bibi yake, alikuwa ameusahau uso wa dada yake, na aibu hiyo ilimla kuliko njaa yote aliyoipitia.

Kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu ilipokaribia, mama yao, Hatsue, alikuwa na ombi. Kila asubuhi, kabla hawajala, alitanguliza bakuli la wali kwenye kijikabati cha kuwaombea marehemu, mbele ya ubao wenye jina la Yoriko tu. Sasa alitaka sura.

"Unawachorea watu baki, Isamu. Nichoree na mimi mwanangu. Jamaa wanakuja, mtawa wa hekaluni anakuja. Tutauombea ubao mpaka lini?"

Alichora, akafuta, akachora tena. Mwishowe akajitazama kwenye kioo, akaazima macho yake mwenyewe, akampelekea mama picha.

Hatsue aliitazama sana ile picha. "Mzuri. Lakini huyu ni wewe, umewekewa nywele."

"Nisamehe, Mama. Nimemsahau."

Akangoja lawama. Hazikuja.

"Hata mimi," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani wewe, akili yako bado changa, utakuwa umemshika. Mimi nilikuwa nyuma yake siku zote, nikimsuka. Na asubuhi ile nilimfokea, nikamwambia nenda, unachelewa. Akaenda. Hakugeuka."

Walilia wote wawili bila kuoneana haya.

"Basi lete yule wa kwenye katuni," Hatsue alisema baadaye, akifuta pua. "Njia ya nywele ipinde kushoto. Mkono wangu ulikuwa mzito." Isamu akaipinda. "Hapo. Ndiye."

Siku ya kumbukumbu jamaa walikunja uso kuona picha iliyowapa kisogo. Mtawa aliomba hivyo hivyo. Walipoondoka, Hatsue alipakua wali wa moto, akausogeza karibu kabisa na picha.

"Yoriko," aliita polepole. "Geuka ule. Mama hana hasira tena."