Maziwa ya Nasteha

Mara tatu wiki hiyo Nasteha alimwaga maziwa njiani akiyapeleka dukani kwa Hirsi, na mara zote tatu bibi yake Dahabo alimchapa. Mtoto wa wafugaji, tena wa miaka tisa, anamwagaje maziwa?

Mara ya nne Dahabo alimfuata. Karibu na duka la Hirsi, mjukuu alisimama, akatazama huku na huku, akakiinamisha kibuyu kwa makusudi.

"Nikimwaga, narudi nyumbani," Nasteha alilia aliposhikwa. "Nikifika, Babu Hirsi hufunga mlango na kunishika, bibi. Sitaki."

Hirsi alikuwa shemeji yake Dahabo. Tangu mafuriko ya El-Nino yabebe nyumba yao, walilala uani kwake. Dahabo alimkabili papo hapo, mbele ya wateja, na kabla ya adhuhuri Mzee Abdinur, mkuu wa ukoo, alikuwa amefika kumtuliza Dahabo. Dahabo aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Dahabo, watoto hutunga. Tufanye maslaha, tupatane wenyewe kimila. Hirsi atoe mtamba, yaishe humu humu. Ukienda polisi, utalala wapi?"

"Kama ametunga, mtamba ni wa nini?"



Pa kulala pengine Dahabo hakuwa napo. Alikunja mkeka, akamshika mjukuu mkono, wakashika njia ya kituoni. Mara mbili aligeuka nyuma.

"Bibi, utanichapa tena?"

"Nilikosa, mama. Yale maziwa ulifanya vyema kuyamwaga."