Kamba Mpya ya Mlango wa Jiko

Enzi zetu kule mlimani Masama, Krismasi haikuanza kwa taa za rangi wala nguo za dukani. Ilianza siku baba alipong'oa mlango wa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa la kuni, la chuma, amelichomelea kwa mikono yake, bomba lake likatoboa paa. Baba alifanya kazi kwenye maboila ya kiwanda cha sukari huko tambarare, na kila mwisho wa mwaka alipanda mlimani na kipande cha kamba nyeupe nene isiyoungua, mabaki aliyopewa kazini. Mafundi huiita gasketi. Kazi yake ni kuziba mlango wa jiko ili moshi upite bombani, usiingie machoni mwa watu.

Siku hiyo jiko lilizimwa, na mama alinuna ajabu. "Baba Ndeshi, watoto watakula gasketi leo?" Ndeshi ndiye mimi, mtoto wao wa kwanza. Baba alikwangua kamba kuukuu mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi, akaipachika mpya taratibu bila kuivuta. "Ukiivuta, ikipata moto inajikunja," alisema kila mwaka, kana kwamba hatujawahi kumsikia.

Kisha ndipo raha yetu. Alichana ukurasa wa kalenda ya kanisa ya mwaka unaoisha, akaubana kwenye mlango, akatuita tuvute. Karatasi ikichomoka nzima, kamba haijakaa. Ikichanika, mlango umeziba. Tulivuta kwa zamu kuzunguka mlango wote, na ilipochanika tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Jioni tulikula machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, na mama alikuwa ameshasahau kununa.

Lakini jamani, kamba ilichoka! Pasaka ikifika moshi ulishaanza kupenya tena. Sare zilinuka moshi, nywele zilinuka moshi, hata mtori, supu yetu ya ndizi, ulikuwa na moshi wake. Tulitoka shule kwenye ukungu, hatuoni hata mgomba wa mbele, ila tukiusikia ule moshi tulijua mama yupo, tukatimua mbio. Watoto wetu wa leo wakisikia harufu ya kuni wanaziba pua na kudai wana mzio. Halafu Jumamosi haohao wanalipia kuvuta shisha! Haya.

Baba alishatutoka. Amelala kihambani, kwenye shamba letu la ukoo nyuma ya jikoni, na kaburini tumempandia masale, mmea wa heshima kwetu. Mama alibaki na nyumba, kisha macho yakapofuka, na mwaka jana kifua nacho kikaanza kumbana. Daktari akasema moshi ukome, au mama ahame. Tulimpelekea jiko la gesi, akaamuru mtungi ukae nje na kuku. Ndugu zangu wakakata shauri: moshi usipokoma, mama anahamia kwangu Dar. Alilia kama mtoto. "Mnanitoa kwa baba yenu mnanipeleka wapi?"

Kwa hiyo Desemba nilipanda na kamba yangu, nimeinunua mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Niliapa mama hahami. Nilikwangua mpaka vidole vikatoka damu. Nikapaka gundi, nikapachika bila kuvuta, nikabana ukurasa wa kalenda. Ukachanika, kuzunguka mlango wote! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni, mtu mzima na mvi zangu. Baada ya gundi kukauka, niliwasha kuni. Hata uzi wa moshi haukutoka.

Nikamleta mama kwenye kigoda chake. Akakaa, uso ameuinua.

"Ndeshi, mbona hujawasha?"

"Nimewasha, mama. Leta mkono."

Akaunyoosha mkono mbele ya mlango. "Joto nalisikia," akasema. "Lakini hapanuki nyumbani."

Nilimweleza habari ya kifua, habari ya daktari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sioni. Nikiamka nausikia moshi, najua hapa ni kwangu na baba yako yuko hapo nje. Sasa sijui niko wapi." Akapapasa mpaka akanishika goti. "Basi twende huko kwako. Kama ni kukaa nisipopajua, afadhali nikae na wewe."

Nilijitolea kuilegeza ile kamba. Akakataa, akasema nimeshaumia vidole.

Sasa jiko lile limefungwa barabara na hakuna wa kuliwasha. Mama yuko sebuleni kwangu, hakohoi, daktari anafurahi. Zamani tulilizwa na moshi, baba akatucheka na kutuambia tukae upande wa pili. Siku hizi hewa ni safi, na machozi hayana cha kusingizia. Kila wiki namfulia mama nguo zake zote, isipokuwa kitenge kimoja alichokuja nacho kutoka mlimani. Hicho hulala nacho usoni, na amenikataza kukitia maji.