Namna 2 puissance 0 ilileta majirani mbio kule Beu

Wakuu, jambo zenu. Naandika hii ingali moto kichwani, na sitatia chumvi.

Mimi ni mama, naishi Kimemi, Butembo. Niliacha masomo nilipoolewa. Mwaka huu nikasema narudi.

Directeur wa shule akanipa test ya hesabu. Nikipita, naingia troisième, mwaka wa tatu. Nikianguka, deuxième, wa pili.

Na deuxième ndiyo classe ya binti yangu Masika!

Masika akaniangalia tu: «Mama, tafazali, upite.»

Shida yangu ilikuwa puissances, yaani vipeo, kama 2³. Formules nilizijua kwa kichwa kama katekisimu, mais kila mara nazichanganya.

Nikaenda muji wa Beni, mtaa wa Beu, kwa yaya wangu Katungu, dada yangu mukubwa. Yeye pia masomo alishasahau. Tukakaa kwenye baraza, tukaanza kubishana. 2³ × 2²: mimi nasema 2⁶, yeye anasema 4⁵.

«Tuache kelele,» akasema. «Tuiandike yote.»

Akachukua kipande cha makala ya jikoni, akaandika kwenye simenti: 2×2×2×2×2.

«Ziko mbili ngapi?»

«Ziko tano.»

Tukaangaliana. 2⁵! Donc exposants, zile namba ndogo za juu, tunajumlisha, sababu tunahesabu tu zile mbili zenye ziko kwenye mustari. Kumbe ni hiyo tu!

Tukajaribu 2⁵ ÷ 2². Tukakata mbili za juu na za chini, zikabaki tatu. 2³. Basi kwa kugawanya, unatoa.

Kiisha 2³ ÷ 2³. Ukitoa, 2⁰. Mais nane ukigawanya kwa nane ni moja!

Wakuu, miaka yote niliamini ni zéro.

Nikapiga kelele. Na munajua, Beni kuko vita, mutu hapigi kelele ovyo. Majirani wakaja mbio, baba mumoja na panga mukononi.

«Kuko nini?!»

«Mbili puissance zéro iko moja!»

Katungu akacheka mpaka akakaa chini.

Yule baba akashusha panga, akaangalia simenti. «Na tano puissance zéro?»

«Moja!»

«Hata elfu?»

«Hata elfu, baba!»

(Zéro yenyewe puissance zéro, muniache kwanza.)

Siku ya test nikakuta (3²)³. Formule ikakimbia. Sikuogopa, nikaandika 3²×3²×3², nikahesabu: 3⁶.

Nimepita! Masika aliruka kunishinda mimi.

Nilichojifunza: formule ikikutoroka, andika kila kitu kwa urefu, hesabu itakuonyesha njia yenyewe.

Na wewe, ni kanuni gani ulikariri bila kuisikia maana yake? Iweke hapa chini, tuifungue pamoja. Wasingya, ndiyo kusema asanteni sana.