Mwenye Nyumba ya Buhare

Nyumba yangu ya Buhare, hapa Musoma, nilimpa dalali mmoja tu aiuze, lakini haikupita wiki wakaanza kunigongea geti madalali nisiowajua, kila mmoja na mteja wake. Bei za huku zinapanda kila kukicha, na mimi usingizi ulishanikimbia. Nikiuza leo, kesho si nitajuta?

Nikaenda Bunda kutafuta kiwanja kidogo karibu na binti yangu. Dalali wa kule, mtu wa maneno mengi, akaniambia, "Mama, viwanja vya hapa vimepanda sana. Kuna nyumba nzuri Musoma." Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa nyumba yangu, na kanga zangu kwenye kamba.

Nikajikaza. "Mwenyewe mbona anauza?"

"Ni mama mmoja mgonjwa. We usiharakishe. Zingine zinapandaga, hii itashuka. Akishaondoka, watoto wake watakupa kwa bei ya chee."

Mshenzi! Siku dalali wangu alipokuja kupiga zile picha nilikuwa na mafua tu.

Lakini njia nzima ya kurudi Musoma nilikuwa nakisikiliza kifua changu.